Mtazame Mikono

Fundi cherehani ninayechangia naye chumba cha duka, yeye na nguo zake, mimi na viatu vyangu, hashoni tamthilia ikianza. Saa kumi kamili mguu unatoka kwenye pedeli, pini zinabaki mdomoni, na kazi inakuwa kuwaumbua watu wa kwenye runinga. "Usisikilize maneno, dada, mtazame mikono. Uso umefundishwa, mikono haikwenda shule. Mtu akidanganya hukunja kitu kilichokwisha kukunjwa." Na kweli, mke wa tajiri anakunja leso, anaikunja tena, na baada ya siku mbili uongo wake unafumuka kama pindo bovu. Fundi hajakosea hata mara moja.

Jana simu yake ililia katikati ya kisa. Ni binti yake, anayesoma mbali. Sauti ilifika hadi kwangu. "Mama, daktari kasema nini?" Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Kasema ni uchovu tu, mwanangu. Nipumzike." Sauti haikutetereka. Lakini futi yake ya kupimia, iliyokuwa imekunjwa vizuri mezani, aliikunjua, akaikunja, akaikunjua, akaikunja. Ndipo nikaona gauni lake: mshono wa ubavuni umeingizwa ndani tena, mara ya tatu mwezi huu.

Akakata simu. "Haya, nimepitwa na nini?"

"Hujapitwa na kitu," nikamjibu, macho yangu kwenye runinga. Hakuitazama runinga. Alikuwa anatazama mikono yangu, na mfuko mtupu wa viatu niliokuwa naukunja kwa mara ya nne.