Usiitike Kabla Hujaelewa

Nakumbuka asubuhi moja nilivyopiga magoti kando ya kitanda cha mzee wa Kijerumani, kikombe cha maji mkononi. Nilikuwa msichana wa umri wako, mwanangu, mwanafunzi wa uuguzi, mbali na kijiji chetu cha Nshamba kuliko nilivyowahi kudhani mtu wa kwetu anaweza kufika.

Mama yako ameniambia kwamba tangu upate viza ya kwenda kusomea uuguzi ng'ambo huli vizuri. Juzi ulipokuja hapa kwangu Kitendaguro nilikupikia ndizi na maharage, ukazizungusha tu kwenye sahani. Hofu hiyo ninaijua, na sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Hata mimi ninakuogopea. Kila jioni ninakuombea.

Siku ninaondoka, aliyenifungia mizigo alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mama mkali, lakini mwenye mzaha. Akaniambia, "Sikiliza wewe. Usiende huko kutuletea aibu ya kubishana na watu wazima. Mkubwa akisema, unaitika kwa heshima, 'ndiyo, waitu,' unakwenda kufanya. Ukimwuliza tena kama kiziwi, watasema hatukukulea."

"Na nisipoelewa je, shangazi?"

"Utaelewa huko huko. Mimi niliolewa sijaelewa kitu, mbona nipo?"

Watu wote uani walicheka, mimi nikacheka nao. Ndivyo tulivyolelewa, nawe umelelewa hivyo hivyo. Kumwambia mzee "sijakusikia" ni kama kumwambia hajui kusema. Basi nikafika Ujerumani na ndiyo zangu. Kijerumani nilikuwa nimekisoma, ila cha darasani kilitembea, cha wodini kilikimbia. Muuguzi mkuu wa wodi, Sista Helga, alikuwa mama mrefu asiyecheka. Viatu vyake vikisikika kwenye korido, hata wagonjwa walinyoosha mashuka. Alitugawia kazi huku anatembea, na kila aliponitazama nilisema ndiyo, kisha nikatazama wenzangu wanafanya nini, nikaiga. Niliogopa kumdhuru mtu. Niliogopa pia kurudishwa nyumbani, maana parokia nzima ilikuwa imeniombea kwa jina.

Asubuhi hiyo kulikuwa na mgonjwa mpya, Mzee Karl, aliyepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala na maneno hayakutoka. Sista Helga alinieleza jambo juu yake, haraka haraka, akijigusa koo. Nikashika neno moja tu, maji.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Sista."

Akaenda zake. Nilipobaki na mzee, akainua mkono wake mzima, akaonyesha jagi la mgonjwa wa kitanda cha pili. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Mwanangu, wewe ni mtoto wa Kihaya. Mzee akikuomba maji, utafanyaje? Nilimimina, nikapiga magoti kama nilivyompa babu yangu, nikamwinua kichwa. Kikombe kilikuwa kinakaribia midomo yake nilipokisimamisha. Sista alijigusa koo kwa nini? Alisema nimpe maji, au nisimpe?

Sikujua. Mzee alikuwa tayari amefungua mdomo. Nikimpa, huenda ninamsaidia na huenda ninamwua. Nisipompa, ninamnyima maji mzee aliyeniomba, na hilo kwetu halifanyiki hata kwa mtu mliyekosana naye. Nikamwita Mungu kwa Kihaya, kwa sauti. Kisha nikamlaza mzee, nikaenda kukiweka kikombe dirishani, mbali naye. Akalia. Alilia kwa upande mmoja wa uso, bila sauti, na mimi nikamgeuzia mgongo nikatoka.

Sijawahi kutembea korido ndefu kama ile. Nilipanga maneno ya Kijerumani, nayo yakanipotea yote. Nilijiona ninashuka na sanduku langu kwenye meli, bandarini Bukoba, na watu waliokuja kunipokea wanatazama pembeni. Nilimkuta Sista Helga anazungumza na daktari. Ningekuwa nyumbani ningesubiri wamalize. Nilikata maneno yao.

"Sista, sikuelewa. Mzee Karl anaomba maji. Nimpe?"

Akageuka. "Umempa?"

"Hapana."

"Hata tone?"

"Hapana, Sista."

Alikimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Alimwinamia mzee, akasikiliza pumzi zake, kisha akanivuta pembeni.

"Huyu hawezi kumeza. Maji yangeingia kwenye mapafu, angekufia mikononi. Nilikwambia."

"Ndiyo, Sista."

"Usiniambie ndiyo!" Wagonjwa waligeuza vichwa. "Hiyo ndiyo yako inanitisha. Wanaoniuliza mpaka wanichoshe siwaogopi. Ninakuogopa wewe unayeitikia kila kitu. Haya, nieleze nilichokwambia, kwa maneno yako."

Nikaeleza, nikakosea, akanirekebisha, nikaeleza tena. Ndipo akanionyesha namna ya kulowesha midomo ya mgonjwa kwa kijiti chenye pamba. Nilimlowesha Mzee Karl midomo polepole, na yeye akanishika kidole, hakukiachia kwa muda mrefu.

Sikurudishwa nyumbani. Nilimaliza masomo, nikarudi nikawatumikia watu wa kwetu Muleba mpaka nikastaafu, na ninamshukuru Mungu. Lakini hofu haikuniisha siku ile. Kesho yake niliamka nikiogopa vile vile. Niliuliza hivyo hivyo.

Basi, mwanangu, heshima uliyofundishwa nenda nayo, itakusaidia kwa wagonjwa. Ila usiitike kabla hujaelewa. Mwambie mkubwa wako arudie, kisha umweleze ulichosikia, hata akikunja uso, hata wenzako wakikucheka. Ukidhani huko ni kukosa adabu, mkumbuke Mama Maria. Malaika alimjia na neno la Mungu mwenyewe, naye aliogopa, lakini aliuliza kwanza itakuwaje. Alipojibiwa ndipo akakubali. Kama yeye aliuliza, nani atakudai wewe ukubali gizani? Na siku ukiogopa mpaka miguu inagoma, usingoje hofu iondoke. Nenda nayo, ukaulize.

Mungu akutangulie kwenye kila kitanda utakachokisogelea. Akupe walimu wenye subira na ulimi usioona haya. Mikono yako isimdhuru mtu, na yeyote asiyekuwa na ndugu karibu akuone wewe kuwa ndugu. Akulinde huko, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Amina.