Mawe Mawili Nyuma ya Jiko

Kiwanja chetu cha Bofu kiko katika hati yenye jina la shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Baba yao aliwaachia wote wawili, lakini aliyekwenda kuandikisha ni mmoja, na miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Mume wangu alipoanza kuumwa ndipo walipokubaliana kigawanywe, wanangu wapate hati yao. Mpima ardhi akatafutwa. Kabla hajaja, mume wangu akafariki. Tukamzika nyuma ya jiko langu, pale alipopataka mwenyewe.

Kwetu kaburi halijengewi. Tuliweka mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni, bila maandishi.

Wapimaji walikuja nikiwa ndani ya eda. Shemeji alikuwa zamu ya asubuhi bandarini, wanangu wako kazini. Nilikuwa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, nikasikia nyundo, kisha sauti ya mwanamume: "Hili jiwe la mpaka la zamani. Na mwenzake lile kule." Nilimsikia vizuri. Sikusema kitu.

Ramani ilipotoka, njia ya mita sita ya kuingilia kiwanja cha nyuma ilifuata mawe yale, ikapita juu ya mume wangu.

Tulikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Kaburi lihamishwe, au tuiombe kamati ya mipango ya kaunti ituruhusu tupunguze upana wa njia mahali pale. Shemeji akaandika barua ya maombi. Akaandika kwamba wapimaji walionyeshwa kaburi wakapuuza.

"Mbona waandika hivyo?" nikamwuliza.

"Shemeji, ukikubali kosa mbele ya serikali, umekwisha."

Mimi niliishia darasa la saba, na barua za ukoo siku zote ameandika yeye. Nikanyamaza mara ya pili.

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza nje ya mtaa ikawa ya kwenda kwenye kikao cha kamati hiyo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu saa tatu. Mbele yetu kulikuwa na bwana mmoja wa Changamwe, mtu wa bara, aliyepewa kibali cha ghorofa mbili akajenga nne.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, akamwuliza, "Hii ghorofa ya nne, mzee, waomba kujenga au waomba msamaha?"

"Zote mbili, mheshimiwa."

"Na watu wanakaa huko juu?"

"Hawakai sana. Ni wapangaji tu."

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, mkono mdomoni, na nikashtuka kusikia sauti yangu. Yule bwana akaambiwa arudi na mhandisi.

Tukaitwa. Mpima ardhi naye aliitwa, akasimama pembeni, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Barua yetu ikasomwa kwa sauti. Walipofika kwenye neno "wakapuuza", aliinamisha kichwa. Hakubisha. Labda alijua kwamba neno la wafiwa halishindwi.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, pole kwa msiba. Wewe ndiwe uliyewaonyesha?"

Shemeji akanivuta buibui kwa nyuma, kidogo tu.

"Hawakuonyeshwa," nikasema.

Mjumbe mmoja akainua kichwa. "Barua inasema walionyeshwa."

"Barua imekosea. Nilikuwa nimekaa eda, nikawasikia dirishani wakiyaita yale mawe mpaka. Nikanyamaza."

"Kwani kwenye eda ni haramu kusema?"

"Si haramu, mwanangu. Kwa haja ningesema, hata nyuma ya pazia. Nilikuwa nimechoka na sauti za watu. Nikajiambia atakuja mwingine awaambie."

Shemeji akashusha pumzi kama mtu aliyeangusha mzigo mahali pasipofaa. Nami nikaona tumeshindwa. Nilimwona mume wangu akifukuliwa kwa sababu ya ulimi wangu, ulionyamaza siku ya kusema na kusema siku ya kunyamaza.

Mwenyekiti akapekua ramani. "Kosa la nani si kazi ya kamati hii," akasema. "Barua mtaiandika upya, iseme kweli. Ninalotaka kujua mimi ni kama gari la wagonjwa litapita." Akamtazama mpima ardhi. "Litapita?"

Yule kijana akasogea mezani. Akaeleza kwamba kaburi likiachwa, njia itabaki mita nne na nusu kwa urefu wa hatua chache, kisha irudi sita. Gari litapita. Ila kuna kijumba upande wa pili kinachoziba.

"Kijumba gani?"

"Jiko la mama."

Wote wakanitazama.

"Livunjwe," nikasema.

"Mama, ufikirie kwanza," mwenyekiti akasema. "Ni jiko lako."

"Lina mafiga matatu na makuti. Nitapika uani."

Wakanong'onezana. Kisha mwenyekiti akasema ombi limekubaliwa, kaburi lichorwe kwenye ramani lijulikane, na njia isiliguse. Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, kama anayemsomesha mtoto, na sikuona haya.

Nje, mpima ardhi akatufuata hadi kwenye ngazi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisamehe."

"Mimi pia nilipaswa kuuliza," akasema. "Nyumba ya msiba, na mimi nagonga vigingi tu."

Tukarudi Bofu. Shemeji alipoingia uani alivua shati, akapanda juu ya jiko na kuanza kuyatoa makuti. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Mwahama?"

"Twahamisha sufuria," shemeji akajibu. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Ungenambia nyumbani kwanza. Ningeandika barua nyingine."

"Ungeandika?"

Akafikiri. "Sijui, wallahi."

Niliyatoa mafiga moja moja na kuyapanga karibu na mlango wa nyuma. Nikawasha moto, nikateleka wali. Moshi ulikuwa unaniingia machoni, maana pale hapana kizuizi cha upepo. Lakini jiko lilipoondoka, mawe yale mawili niliyaona wazi kutoka nilipokaa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba.