Kilomita Sita Kasoro Mita Arobaini na Tisa

Mstari ulikuwa mwekundu. Ulianzia Mchafukoge, mlangoni mwa msikiti ninakoswali alfajiri, ukapenya katikati ya ghorofa mbili, ukashuka Gerezani vizuri tu, kisha ulipokaribia mageti ya bandari ukaacha barabara, ukaruka ukuta, ukapita juu ya makontena na kuingia baharini. Huko ulizunguka kidogo, kama dereva anayetafuta mahali pa kuegesha, halafu ukarudi nchi kavu kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu ya Jumanne ile, kama yalivyochorwa na saa janja niliyovaa mkononi, na kama nilivyoyatuma mwenyewe, bila kuyatazama, kwenye grupu la klabu yetu ya jogging.

Wa kwanza kujibu alikuwa muuza magodoro, jirani yangu wa dukani na mpinzani wangu mkubwa barabarani.

“Mzee mwenzangu, hapo ulipanda pantoni au uliogelea na raba?”

Akafuata kijana mmoja wa klabu: “Shikamoo mjomba. Samaki hawajambo?”

Niliandika: “Marahaba. Nitachunguza.”

Jibu hilo liliwachekesha zaidi, ingawa sikuwa nimekusudia utani. Mimi ni mtu wa kuchunguza. Shule niliiacha mapema, na karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kusoma maelekezo yanayokuja ndani ya maboksi, kamusi ikiwa pembeni. Nauza nyaya za umeme Kariakoo, kwa mita. Mteja akitaka mita kumi na mbili, namkatia mita kumi na mbili mbele ya macho yake, kwenye meza ambayo nimeichonga alama kwa kisu. Wako wanaovuta waya mkono ukiwa umelegea, mteja akifika nyumbani waya haufiki kwenye swichi. Mimi hawajawahi kunirudishia waya kwa sababu ya kipimo.

Kwa hiyo katibu wetu alipoandika, nilikaa chini. Yeye ni fundi cherehani, mwanamke mkimya, hatoki nyumbani bila futi ya kitambaa shingoni, na kumbukumbu zote za klabu ziko mikononi mwake. Alikuwa amerudi nyuma na kufungua ramani zangu za mwezi mzima.

“Kaka yangu, siku moja una kilomita saba nukta tisa, kesho yake sita nukta nane, na unasema njia ni ileile. Kuna mahali umekwenda kasi kuliko bodaboda. Jumla yako ni kilomita mia moja ishirini na nne. Siwezi kuipitisha. Nakupa siku saba ulete uthibitisho, la sivyo naifuta yote.”

Lazima nieleze uzito wa jambo hilo. Klabu yetu ina desturi yake. Mara moja kwa mwaka tunakimbia pamoja na klabu za mitaa mingine, na bendera yetu hubebwa mbele na mwanachama aliyekimbia kilomita mia moja au zaidi, peke yake, katika mwezi uliotangulia. Mwaka ule ni mimi tu niliyekuwa nimevuka mia. Nilikuwa nimeanza mazoezi miaka miwili kabla, daktari aliponiambia kuhusu presha yangu maneno ambayo sikuyapenda, na siku ya kwanza nilishindwa kumaliza urefu wa uwanja wa Mnazi Mmoja bila kuketi. Niliitaka bendera ile. Lakini kilichoninyima raha hakikuwa bendera peke yake. Muuza nyaya akiitwa mwongo wa kilomita, nani atamwamini kwenye mita?

Asubuhi iliyofuata muuza magodoro alipita mbele ya duka langu makusudi, mteja akiwa amesimama.

“Mama, huyu umpimie mwenyewe,” alimwambia mteja wangu. “Mita zake zina mawimbi.”

Mama yule alicheka. Kisha akaupima waya upya kwa mikono yake, pima baada ya pima. Hilo halijapata kunitokea.

Siku hiyo nilifungua daftari jipya. Kanuni yangu katika uchunguzi ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Nilianza na jambo rahisi kuliko yote. Baada ya swala nilisimama mlangoni mwa msikiti, mahali ninapoanzia siku zote, nikawasha saa, nikabonyeza kuanza, na nikabaki nimesimama pale pale dakika kumi, mgongo ukigusa ukuta. Waumini walinipita. Mmoja aliniuliza kama namsubiri mtu, nikamjibu kwamba najisubiri mwenyewe.

Dakika kumi zilipokwisha nikatazama. Saa ilisema nimetembea mita mia tatu na kumi.

Sijui kama nimewahi kufurahia kosa namna ile. Nilipanda ngazi za ghorofa tunayoishi, mtaa wa pili tu kutoka hapo, mpaka juu kabisa penye kamba za nguo. Mke wangu alikuwa anaanika mashuka.

“Unafanya nini huko pembeni?” aliuliza.

“Nasimama.”

“Dukani hakusimamiki?”

“Dakika kumi tu, mama. Usinisogelee, na shuka hilo lisinifunike mkono.”

“Haya. Mume wangu amekuwa antena.”

Saa ilikaa muda kidogo ikitafuta, kisha alama ndogo iliyokuwa ikipepesa juu ya kioo ikatulia na kuwa ya kijani. Alama ile nilikuwa naiona tangu niinunue saa, na kwa miezi mitatu nilidhani ni pambo. Nikabonyeza. Nikasimama. Baada ya dakika kumi: mita nne.

Usiku ule sikuwa na haja ya kukesha. Maelekezo ya saa yalikuwa bado ndani ya boksi lake, na niliyasoma yote kabla ya chakula. Saa haijui ilipo. Inasikiliza setilaiti kadhaa zilizoko juu sana, na kwa muda ambao kila sauti imechukua kufika ndipo inakadiria mahali. Katikati ya ghorofa ndefu hazionekani zote, na nyingine zinafika baada ya kugonga vioo vya jengo la pili, kama mtu anayekuita uchochoroni ukageukia upande usio wake. Ikiwa saa ilishazipata setilaiti kabla hujaingia uchochoroni, hujikongoja. Lakini ikianza safari haijazipata, inabahatisha, na ikishabahatisha inaweza kukupeleka popote, hata baharini.

Na kwa nini yangu ilikuwa ikianza haijazipata, wakati za wenzangu zina afadhali? Hapo niliona aibu, kwa sababu kosa lilikuwa adabu yangu. Kila alfajiri nilikuwa naivua saa wakati wa kutia udhu, nikaizima kabisa isije ikalia watu wakiwa kwenye sijida, na kuitia mfukoni. Tukishatoa salamu, navua kanzu niliyoivaa juu ya nguo za mazoezi, naikunja kwenye mkoba wa mgongoni, nafika mlangoni, nawasha saa na kubonyeza papo hapo nisizibe njia ya wanaotoka. Mlango wenyewe uko chini ya roshani, ghorofa kulia, ghorofa kushoto. Yaani kila siku nilikuwa namwamsha mtu usingizini, kizani, na kumwambia: haya, niambie tuko wapi, na tunakwenda sasa hivi.

Ugonjwa ulikuwa umejulikana. Lakini hilo lilieleza tu kwamba saa ilikosea, halikusema nimekimbia umbali gani. Katibu alitaka kipimo.

Nilichukua gurudumu la baiskeli kuukuu, nikalifunga kwenye mpini wa ufagio kwa bolti kutoka kwa fundi wa Gerezani, na kulifunga kipande cha bati kinachogonga kila duara moja likimalizika. Nililiviringisha kwenye sakafu ya korido mara kumi, nikapima kwa tepu ya chuma: mita ishirini na sentimita themanini. Duara moja, basi, ni mita mbili na sentimita nane. Kilichobaki ni namna ya kuhesabu bila kupotea. Kariakoo zinauzwa zile tasbihi za kidijitali, ndogo kama pete, unabonyeza na namba inaongezeka. Mke wangu anayo.

“Tasbihi ya kumtaja Mungu ukahesabie tairi?” alisema na kuificha nyuma ya mgongo. “Kanunue yako.”

Nikanunua yangu.

Jumapili alfajiri niliisukuma njia yangu yote: Mchafukoge, ukingo wa Mnazi Mmoja, mtaa wa Msimbazi kabla wapanga bidhaa hawajajaa, Gerezani kando ya njia ya mabasi ya mwendokasi, hadi karibu na mageti ya bandari, kisha nikazunguka kurudi msikitini. Wapagazi waliniuliza kama serikali inabomoa. Mmoja aliondoa mizigo yake haraka ukutani, nikamwambia asihangaike, napima mazoezi yangu. Hakuniamini. Nilihesabu duara elfu mbili mia nane sitini na moja. Jumatatu niliisukuma tena, nikianzia mwisho: elfu mbili mia nane sitini na nne. Zilitofautiana kwa mita sita na kitu, na nikachukua iliyo ndogo. Njia yangu ilikuwa na mita elfu tano mia tisa hamsini na moja. Kilomita sita kasoro mita arobaini na tisa.

Mwezi ule nilikuwa nimeikimbia mara kumi na saba. Nilizidisha mara mbili kwa kalamu na mara moja kwa simu. Kilomita mia moja na moja, na mita mia moja sitini na saba.

Jioni ya siku ya saba nilibeba gurudumu mpaka kwa katibu. Muuza magodoro alikuwa ameshafika, hakutaka kukosa. Niliweka daftari juu ya cherehani na kusema kwanza jambo lililonikera mwenyewe.

“Katibu, nakuomba ufute kilomita ishirini na tatu. Sikuzikimbia. Alizikimbia setilaiti.”

Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Alitazama muda wa kila safari, ambao saa haikuwa imeukosea: dakika arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na mbili, siku zote kumi na saba. Kisha akavua futi yake shingoni, akaizungusha kwenye tairi, akaweka kidole futi ilipoishia na kuendelea kutoka hapo.

“Mbili na tisa,” alisema. “Wewe umeandika mbili na nane.”

“Aa!” muuza magodoro akadakia. “Mawimbi!”

“Hapo liko hewani, halina uzito,” nilimjibu katibu. “Likikanyaga chini na mimi nikalisukuma, linabonyea. Viringisha uone.”

Aliliviringisha mwenyewe, kutoka kwenye cherehani mpaka mlangoni, akapiga magoti na kupima sakafu. Mbili na nane. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema maneno ambayo nimeyaweka moyoni.

“Kipimo chako kinajinyima. Mwongo hajinyimi.”

“Mimi bado,” alisema muuza magodoro. “Gurudumu sawa. Saa je? Tukimbie kesho, mimi na wewe, niione.”

Tulikutana kesho yake baada ya swala. Safari hii niliizima sauti tu, saa yenyewe nikaiacha ikiwa hai mfukoni. Sikubonyeza mlangoni. Tulitembea hadi Mnazi Mmoja penye uwazi, nikaivaa saa na kunyoosha mkono, na yeye akasimama mbele yangu ameshika kiuno.

“Tunasubiri nini?”

“Kijani.”

“Nikipata baridi hapa utanilipa wewe.”

Kijani kikatokea. Tulizunguka njia nzima tukianzia na kuishia pale pale uwanjani, bila yeye kuniacha na bila mimi kumwacha, na tulipomaliza nilimpa mkono wangu asome mwenyewe. Tano nukta tisa saba. Mita kumi na tisa tu zaidi ya gurudumu. Mstari wa njia ulikuwa umekumbatia barabara, ukipinda pinda kidogo kati ya maghorofa, na mbele ya bandari ulipita nje ya ukuta kama raia mwema.

Aliutazama muda mrefu. Akaivua saa yake mwenyewe na kuniletea. “Na hii nayo niangalie, mwalimu.”

Siku ya mbio za pamoja klabu nzima ilisimama katikati ya uwanja. Tulinyanyua mikono, dua ikasomwa, tukapangusa nyuso. Zamani hapo ndipo kila mtu angebonyeza na kuondoka. Sasa mikono haikushuka. Watu zaidi ya thelathini wenye fulana za rangi moja walibaki wameinyoosha kuelekea mbinguni, macho yakiwa kwenye vioo vya saa, na klabu za jirani zikatuuliza kama dua yetu ina sehemu ya pili.

“Kijani!” alisema katibu.

“Kijani!” wakaitikia nyuma.

Alinipa bendera. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhania, na upepo wa asubuhi uliijaza mara tulipotoka uwanjani. Niliongoza watu kupita Msimbazi, mbele ya duka langu lililofungwa, tukashuka Gerezani tukiimba. Pumzi ilinitosha. Tulipokaribia mageti ya bandari, pale ambapo mstari mwekundu uliwahi kuacha barabara, nilisikia sauti ya muuza magodoro mgongoni mwangu, ameshika mikono mdomoni ili wote wasikie:

“Kata kulia, mzee! Kushoto ni maji!”

Klabu nzima ikaangua kicheko huku ikikimbia. Nikainua bendera juu kadiri mkono ulivyofika, nikakata kulia.