Skuli ya Dada Yangu Mbele ya Kamati

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa katika baraza la kutunga sheria. Mjumbe akisema, naandika, akikohoa, siandiki. Sheria ya fedha za skuli ilipoletwa ili iongezewe muda, tulikaa siku nyingi juu ya kifungu kimoja, kile kinachosema kwamba skuli yenye matokeo mabaya itapunguziwa fedha mpaka ijirekebishe. Mjumbe mmoja aliuliza itajirekebisha kwa kitu gani. Swali hilo nililiandika. Jibu sikuliandika kwa sababu halikutolewa.

Siku ya nne alisimama mjumbe mwengine, mtu mpole, kukitetea kifungu. Akatoa mfano.

"Iko skuli ya wasichana huko wilaya ya Bawshar, karibu na bonde. Watoto wa darasa la nne hawajui hesabu za kugawa."

Skuli ya wasichana iliyo karibu na bonde ni moja tu, na mwalimu mkuu wake ni dada yangu. Niliandika "hawajui hesabu za kugawa", nikaweka nukta.

Jioni dada, habari zishamfika, akanipigia simu. Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, na Kiarabu tunakiweka kwa ugomvi. Siku ile alianza kwa Kiarabu, kisha akachoka.

"Na wewe ulikuwemo humo?"

"Nilikuwemo."

"Ukafanya nini?"

"Nikaandika."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Kugawa wanajua," alisema. "Wasichokijua ni kuzidisha. Basi hata kusingizia hawawezi?"

Kesho yake alipeleka barua kwenye kamati ya baraza inayoishughulikia sheria hiyo, akiomba asikilizwe. Wakamkubalia. Nikamwendea mkuu wangu wa kazi kumweleza kwamba anayekuja ni dada yangu wa tumbo moja, labda aandike mwengine. Akaniuliza kama dada anasema haraka. Nikamwambia haraka sana.

"Umemzoea?"

"Tangu kuzaliwa."

"Basi andika wewe."

Dada alikuja na abaya yake ya kazini na daftari la alama. Hakunitazama. Alieleza kwa mpango, darasa baada ya darasa, mpaka mwenyekiti akamuuliza yule mjumbe habari zake alizipata wapi. Mjumbe, mtu mkweli, akasema kwa shemeji yake, ambaye mtoto wake alihamishwa kutoka pale.

"Yule aliondoka darasa la pili," dada alisema. "Kugawa tulikuwa hatujakufika."

Mwenyekiti akamuuliza anataka nini hasa.

"Nataka anayetupima aje. Akae darasani, awaulize watoto. Akikuta hawajui, na apunguze. Lakini wanangu wasihukumiwe na mtu asiyejua hata mlango wa skuli uko upande gani."

Sauti ilimtetemeka. Sikuwa nimemsikia dada akitetemeka sauti tangu tulipomzika baba, na hata siku ile ilikuwa mara moja tu. Nilitaka kuinuka nimpe maji. Niliandika maneno yake yote. Mtetemo hauna nafasi katika fomu yetu.

Kifungu kikapita, lakini kikiwa na sentensi mpya: hakuna skuli itakayopunguziwa fedha kabla ya kukaguliwa palepale ilipo. Skuli ya kwanza kukaguliwa ilikuwa ya dada. Wakaguzi walikaa siku mbili, wakanywa chai, wakaandika kwamba ufundishaji unaridhisha na kwamba kiyoyozi cha darasa la nne hakifanyi kazi. Fedha hazikupunguzwa. Hazikuongezwa pia, na kiyoyozi mpaka leo kipo kama kilivyokuwa.

Dada alipokuja kwangu kunywa chai, nilimpa nakala ya kumbukumbu za siku ile, nikidhani ataiweka. Akakaa nayo mezani kwangu, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Aliona makosa mawili ya tahajia, yote yangu. Akayazungushia duara, akanirudishia, akaomba sukari.