Nilipeleka Mshenga Shuleni

Kwa mwalimu wake, binti yangu alikuwa mtoto asiyesema. Nyumbani hatukuwa na habari hiyo. Nyumbani kwetu Eagan, mji wa ugenini tulikohamia, kwenye ghorofa ya pili ya nyumba za kupanga, tatizo letu lilikuwa namna ya kumnyamazisha. Alianza kusema kabla hajafumbua macho vizuri. Alisema akipiga mswaki, povu likimtoka. Alisema hata akiwa chooni, mlango umefungwa, akimwuliza mdogo wake kila mara kama bado yupo pale nje anamsikiliza.

Kwa hiyo jioni moja, majani yalipokuwa yameanza kupukutika, mwalimu alipopiga simu na mkalimani akiwa katikati, nilidhani wamekosea namba. Alisema tangu shule ifunguliwe hajawahi kuisikia sauti ya binti yangu. Anaandika vizuri, anachora, akiitwa anainua kichwa, lakini neno hatoi. Walikuwa wanafikiria kumhamishia shule nyingine, mbali, kwenye darasa la watoto wenye shida ya kusema. Kabla ya kuamua walitaka kumsikia mzazi, kwenye mkutano wa wazazi na walimu, wiki inayofuata.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Alikuwa na miaka minane, na Kiingereza cha kwenye simu alikielewa kabla mkalimani hajaanza kazi.

"Sitaki kuhama," akasema kwa Kiingereza. Kisha akamwonyesha mdogo wake, aliyeanza shule mwaka ule ule, na akabadili lugha ili nisijidai sikuelewa. "Huyu atapanda basi na nani?"

Nikamwambia usijali, baba yako ataenda kuzungumza nao. Akanitazama kwa huruma.

Alikuwa na sababu. Nina haya tangu utotoni, na umri haujanisaidia. Kazini, kwenye ghala, niliwahi kufunga maboksi miezi mingi na jamaa aliyedhani sijui lugha yoyote duniani. Kanisani wakitafuta mtu wa kufunga kwa sala, mimi simu yangu inaita ghafla, hata ikiwa imezimwa. Na majira yale ya majani nilikuwa nimejiingiza katika jambo lingine. Nililelewa kwamba uwanja wa nyumba hufagiliwa asubuhi, kabla watu hawajaamkiana. Nikanunua reki, nikawa nafagia majani mbele ya jengo letu kabla ya kwenda kazini, watoto wakirukia kila lundo nililomaliza. Baada ya siku chache bibi mmoja wa ghorofa ya chini akanipungia mkono, akaniingiza kwake na kunionyesha bomba la jikoni linalovuja. Alidhani mimi ni mfanyakazi wa jengo. Badala ya kumwambia ukweli, nilirudi juu, nikachukua koleo, nikamtengenezea bomba. Baadaye akawa ananiitia mambo ya madirisha.

Mikutano ya shule ilikuwa kazi ya mke wangu. Yeye haogopi mtu. Lakini vuli ile kule anakofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walimhamishia shifti ya mchana hadi usiku, na siku ya mkutano hakupata wa kubadilishana naye.

"Utakwenda wewe," akasema. "Useme tu ukweli. Mtoto anasema. Basi."

Hilo 'basi' lilinikosesha usingizi. Ndipo nikakumbuka siku moja tu maishani ambayo haya yangu ilinifaa: siku ya kuposa. Kule kambi ya wakimbizi, mshenga alisema yote. Mimi nilikaa nyuma yake nimeinamisha kichwa, na wakwe wakasema kijana huyu ana adabu. Nikajiuliza, kama jambo kubwa kama mke lilizungumzwa na mtu mwingine, kwa nini hili dogo la shule lisizungumzwe vivyo hivyo? Kanisani kwetu kulikuwa na mzee aliyesifika kwa kazi hiyo. Vijana wetu wengi hapa, hata wale wa mji wa Blaine, wameoa kwa mdomo wake. Nikampigia. Akakubali kabla sijamaliza kumweleza.

Mke wangu aliposikia alikaa chini kwanza.

"Baba watoto, unaenda shuleni au unaenda kuposa?"

"Atanisaidia kuongea tu."

"Mwalimu ana mume, nakuonya."

Siku ilipofika mzee alinikuta mlangoni kwangu, yeye akiwa na suti ya vipande vitatu na kofia, mimi na koti la kazini. Akanitazama mikono.

"Kijana wangu, umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, Mzee."

"Tunakwenda kwa mwalimu mikono mitupu?"

Nikarudi ndani, nikachukua kitenge kwenye sanduku la mke wangu bila yeye kujua, kisha tukapitia dukani. Nikatoka na katoni ya soda za machungwa. Kwenye kiti cha nyuma binti alijifunika uso kwa kofia ya koti lake.

"Baba, hapana. Hakuna mtu anayeleta soda. Hakuna!"

"Mtoto," mzee akasema bila kugeuka, "waache wakubwa wafanye kazi."

Tukapita kwenye korido ya shule, mzee mbele, mimi na katoni kifuani, binti hatua nyingi nyuma kama mtu asiyetujua. Wazazi wengine walikaa kwenye viti wakinywa kahawa. Walinyanyua miguu yao tupite.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye uso mwema. Aliitazama soda, akakitazama kitenge, akamtazama mzee, na kuuliza kama huyu ndiye babu. Simu ilikuwa mezani, mkalimani ndani yake.

"Mwambie mimi ndimi mdomo wa ukoo," mzee akasema.

Mkalimani akaomba ufafanuzi. "Samahani, Mzee. Niseme msemaji wa familia?"

"Sema ulivyosikia."

Mzee akasimama, maana hotuba haisemwi umekaa. Akamshukuru Mungu kwa safari yetu kutoka kambini, na kwa theluji ambayo ilikuwa bado haijaanguka. Akawashukuru wazazi waliomzaa mwalimu, akauliza kama wapo hai. Mwalimu akajibu kwamba mama yake yupo, anaishi Woodbury.

"Tunamsalimu sana," mzee akasema. Kisha akainamia simu. "Na wewe, kijana, sauti yako naisikia kama ya Kigoma. Au nimekosea?"

"Mzee, mimi siruhusiwi kujibu mambo yangu."

"Hata kusalimiwa huruhusiwi?"

"Hata hiyo, Mzee."

"Pole sana. Basi endelea."

Mwalimu alikuwa akitazama saa ukutani. Kila mzazi alikuwa na muda wake, na wetu ulikuwa unakwenda kwenye salamu. Nikamgusa mzee kiwiko. Akaelewa, akaingia kwenye jambo lenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mzee alifanya kazi yake vizuri mno. Kazi ya mshenga ni kusifu, naye alisifu kile kinachosifiwa kwetu.

"Huyu binti ni mtoto wa adabu," akasema. "Mbele ya wakubwa hafungui kinywa. Utakaa naye siku nzima usisikie neno. Hakujifundisha mwenyewe, amerithi. Mtazame baba yake."

Wote wakanitazama. Mimi nikaitazama soda.

"Huyu nimemjua tangu kambini, hana sauti. Nyumba yao ni nyumba ya ukimya."

Mwalimu akawa anatikisa kichwa kukubali na kuandika. Kila sifa ilipotoka kwenye simu, ikiwa sasa kwa Kiingereza, kalamu ilikwenda mbio zaidi. Kwa wakwe hotuba ile ingetupatia mke kabla chakula hakijaiva. Pale ilikuwa inampandisha binti yangu kwenye basi la shule nyingine, na ni mimi niliyempigia simu msemaji.

Binti akanivuta mkono wa koti. "Baba," akanong'ona kwa Kiswahili, "mwambie nasema."

"Mwambie wewe," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa kukataa. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Nikamfahamu vizuri sana, maana haya hiyo naijua.

"Mzee, samahani," nikasema.

Hakusikia. Alikuwa amefika kwa babu yangu na shamba lake.

"Mzee, sivyo!"

Sijawahi kumkata mzee maneno, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wazazi wa kwenye korido walichungulia. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimechemka, nikasahau kwamba kuna mkalimani aliyekuwa akingoja pale pale, nikaingia mwenyewe kwenye Kiingereza, Kiingereza ambacho nikikirudisha kwa Kiswahili ni hivi: "Yeye sema. Nyumba, sema. Sema, sema, sema. Mimi choka!"

Baada ya hapo Kiingereza kiliniishia, nikamwachia mkalimani. Nikaeleza kwamba kila jioni baada ya chakula binti anatufungulia shule jikoni. Anavaa miwani ya jua ya mama yake. Wanafunzi ni mdogo wake na mimi. Mdogo wake anafanya vizuri. Mimi nakemewa.

"Akiwa mwalimu anafanyaje?" mwalimu akauliza.

Ningeweza kueleza kwa maneno. Badala yake nilisimama, nikapiga makofi mara tatu, nikainua kidole juu na kusema kwa sauti nyembamba, kama binti anavyosema, "Macho hapa! Midomo imefungwa!" Kisha nikazungusha shingo taratibu kutafuta mkosaji. Nilikuwa nimeshafika katikati ya mzunguko nilipokutana na uso wa mwalimu, nikatambua binti alikuwa akimwiga nani, na sasa ninamwiga mbele ya nani.

Mwalimu alijifunika mdomo kwa mkono. Masikio yake yalikuwa mekundu. Binti alikuwa amelaza uso mezani.

Mwalimu alipoweza kusema tena, alisema angependa kuiona shule hiyo. Je, ningekuja asubuhi moja, nikae darasani, binti afundishe kama anavyofundisha nyumbani? Mama mmoja kutoka ile shule nyingine angekuja pia kumsikiliza, kisha wataamua. Nikakubali kwa kutikisa kichwa kabla mkalimani hajamaliza, kwa mazoea yangu ya kukubali kila kitu.

Ndani ya gari mzee aliweka kofia magotini.

"Kijana wangu, umenikata maneno."

"Nisamehe, Mzee."

"Nilikuwa bado sijamaliza shamba la babu yako." Akatazama nje, majani yakipeperuka barabarani. "Lakini soda wamepokea. Hiyo ni dalili nzuri."

Binti hakunisemesha siku nzima iliyofuata, na jikoni shule ilifungwa. Mke wangu alipolala alikuwa bado anacheka. Alipoamka alikumbuka kitenge, akaacha kucheka.

Asubuhi ya darasa nilibadilishana shifti, nikavaa shati la Jumapili. Watoto walikuwa wamekaa kwenye zulia, nami nikakaa kati yao, magoti yakiwa karibu na masikio. Mvulana mmoja aliniuliza kama mimi ni mwanafunzi mpya. Mwalimu alisimama nyuma, na kando yake yule mama mgeni, koti lake kwenye kiti, karatasi mkononi.

Binti alisimama mbele na kitabu cha paka asiyependa kuoga. Hakuwa na miwani. Hakusema. Tulingoja. Yule mama mgeni akaandika kitu. Nilitaka kusema kwa niaba yake, na nilikuwa na mfano mpya kabisa wa matokeo ya kusemewa, nikajizuia kwa kuuma ulimi.

Hatimaye alinijia, akaniwekea kitabu mapajani, akagusa neno la kwanza kwa kidole. Nikasoma. La pili nikasoma. La tatu lilinishinda, nikalipa sauti niliyoona linafanana nayo, na zulia zima likacheka. Nimeshachekwa sana katika nchi hii, nami nina njia yangu ya kupunguza makali: nacheka pamoja nao. Nikaanza kucheka.

"Acheni!"

Sikuitambua sauti ile mara moja. Ile ya jikoni haikuwa kubwa hivyo.

"Acheni kucheka!" binti akasema kwa Kiingereza, akiwatazama mmoja mmoja, na walionyamaza wa kwanza walinyamaza kwa mshangao, maana walikuwa wamekaa naye tangu shule ifunguliwe bila kujua kama ana sauti. "Anajifunza. Hata wewe ulikuwa hujui. Hata wewe. Na wewe kaa vizuri, viatu vyako viko juu ya mtu."

Mvulana akaondoa viatu vyake juu ya shati langu la Jumapili.

Nyuma, yule mama mgeni alimwinamia mwalimu, wakasemezana kidogo. Kisha akaikunja karatasi yake, akachukua koti kwenye kiti, akalivaa, akatoka akitabasamu na kufunga mlango polepole ili asikatize somo.

Binti hakumwona. Alikuwa ameshanigeukia, mikono kiunoni.

"Na wewe, Baba, usicheke. Rudia kutoka mwanzo. Halafu fungua mdomo."