Chupa Niliyoamriwa Kuivunja

Kaka yangu alifungwa kwa sababu ya kitambaa. Alikuwa boi wa mezani kwa Mwingereza mmoja, mfanyabiashara, aliyekaa ghorofani juu ya stoo yake mjini, ukishavuka Mnazi Mmoja kutoka kwetu Kariakoo. Bwana yule aliletewa divai kutoka Ufaransa, na kazi ya kaka ilikuwa kuwamiminia wageni. Kaka alikuwa mtu wa swala tano, tena ndiye aliyeadhini katika msikiti wetu mdogo, kwa hiyo hakutaka hata tone limguse ngozi. Kila aliposhika chupa alijifunga kitambaa mkononi, na akimaliza alikitia mfukoni mpaka apate maji ya kukifulia.

Siku ilipopotea chupa ya zamani kuliko zote, askari walimpekua wakakikuta kitambaa kinanuka divai. Basi, imekwisha. Wakati ule sheria ilimkataza Mwafrika kunywa kileo cha kizungu, na hakimu hakutaka ushahidi mwingine. Kitu alichokitumia kujiepusha na haramu ndicho kilichompeleka jela.

Alipotoka alikuta mwingine anaadhini. Wazee wa msikiti hawakumfukuza, walimwambia tu apumzike kwanza. Mapumziko gani hayo yasiyo na mwisho? Kaka akawa anasali chumbani peke yake, na akipita mtaani watu walimwitikia salamu huku wakivuta pumzi, wanamnusa. Mimi niliyaona hayo na damu ilinichemka. Niliposikia bwana anatafuta boi mwingine, nikavaa kanzu safi nikaenda.

Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kwake sote tulikuwa boi. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na hasira tu, na nilitaka siku moja mtu yule aumbuke mbele ya watu wake kama kaka alivyoumbuka mbele ya watu wetu. Nikawa ninamletea chai asubuhi, ninasema ndiyo bwana, ninangoja.

Halafu likaja sanduku jipya, na safari hii likaja na mwenyewe: Mfaransa mfupi, mzee, mwenye mashavu mekundu, wa familia yenye shamba la mizabibu. Bwana alitaka apewe uwakala wa kuuza divai ya shamba lile pwani nzima. Mfaransa akasema vema, lakini kwanza ataonjesha watu wakubwa wa mji, awaongoze mwenyewe, mwaka mmoja baada ya mwingine, ili waijue divai yake. Mpaka siku hiyo ifike, sanduku likafungiwa ndani ya stoo ya bwana.

Alasiri ile meza ilitandikwa kitambaa cheupe na bilauri zikapangwa mbele ya kila mgeni. Walikuja mabwana wa serikali, mmoja wa reli kutoka mtaa wa Gerezani, na yule hakimu. Ndiyo, hakimu mwenyewe, aliyemfunga kaka. Nilimpokea kofia kwa adabu zote.

Nilidhani nimeshaona vituko vyote vya Wazungu. Kumbe bado. Mfaransa alianza na divai changa, akawafundisha kuinamisha bilauri waitazame rangi juu ya kile kitambaa cheupe, kisha wanuse, wasukutue, wateme kwenye ndoo ya fedha iliyokuwa mikononi mwangu. Watu wazima, wamefunga tai, wanasukutua kama wanaotawadha, ila udhu wenyewe hawaumalizi. Mfaransa aliizungumzia miaka kama watoto wa mama mmoja. Huyu alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, ndiyo maana ni mwepesi. Huyu mwaka wa jua kali, ana hasira. Ya mwisho, akasema, ilikamuliwa na baba yake kabla ya vita kuu, na vijana waliochuma zabibu zile hawakurudi kutoka vitani.

Bwana naye, kwa kujigamba, akaufunua ufunguo wa stoo aliouning'iniza shingoni kwa mnyororo. Akawaambia wageni kuwa tangu aibiwe na boi mlevi, ufunguo ule haujatoka mwilini mwake, hata akilala. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya mate yao.

Walipofika karibu na mwisho bwana alinifuata jikoni, nilikokwenda kuichukua ile chupa ya baba wa Mfaransa. Jasho lilikuwa limemlowanisha kola. Akaninong'oneza kwa kile Kiswahili chake:

"Wewe, boi. Lete ile chupa ya mwisho. Fika mlangoni, anguka. Vunja. Mimi takasirika, lakini uongo tu. Polisi hapana."

"Niivunje, bwana?"

"Vunja kabisa."

Akarudi kwa wageni. Nikabaki nimesimama na ile chupa, na mambo yote yakanifungukia. Mtu haamuru chupa yake ya thamani ivunjwe ila anajua kilichomo. Divai ya baba wa Mfaransa alikuwa ameshainywa akajaza nyingine, na kwa kuwa safari hii ufunguo ulikuwa shingoni mwake, hakuwa na wa kumsingizia. Na ile chupa ya kwanza, iliyomfunga kaka, nikajua iliingia tumbo gani.

Niliogopa, sitaficha. Nikianguka nayo, yamekwisha, kesho nitapewa zawadi. Nisipoanguka, atanigeuzia kibao na mimi nitaingia jela kama kaka. Lakini hasira yangu ilikuwa na nguvu kuliko woga. Nikaibeba chupa ile kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto mchanga anayetolewa nje mara ya kwanza. Mlangoni bwana alinitumbulia macho. Nikauvuka mlango taratibu, nikaiweka mbele ya Mfaransa bila kuitikisa.

Mzee akaifungua mwenyewe. Akamimina, akanusa, akaonja. Hakutema. Alimeza, akavuta bilauri ya kwanza kabisa, ile ya divai changa, akanusa tena. Uso ukamwiva.

"Hii si divai ya baba yangu," akasema kwa Kiingereza cha polepole, hata mimi nikakielewa. "Hii ni ile tuliyoanza nayo."

Bwana akaruka kwenye kiti. "Boi!" akapiga kelele, akininyooshea kidole. "Wote wezi hawa!"

Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wakiutazama ufunguo ulioning'inia shingoni mwake. Raha niliyoipata dakika ile sijaipata tena, na sioni haya kusema. Mfaransa alianza kukusanya chupa zake. Hakimu alimtazama bwana, kisha akanitazama mimi na kanzu yangu, na niliona kabisa kwamba amekumbuka. Nilingoja aseme. Akaomba kofia yake.

Wageni walipokwisha kushuka ngazi bwana alinikaba koo. "Kwa nini hukuanguka?"

"Boi uliyemfunga ni kaka yangu," nikamwambia.

Akaniachia, akanikodolea macho, anatafuta kichwani. "Boi gani?"

Nikatoka bila kudai chochote. Nilivuka Mnazi Mmoja nikikimbia kama mtoto, nikamkuta kaka amekaa kizingitini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamsimulia yote, nikimwigiza Mfaransa, nikimwigiza bwana na ule mnyororo wake. Kaka alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Na hakimu," akauliza, "amesema nini juu yangu?"

"Aliomba kofia."

Akatikisa kichwa polepole. Kule msikitini yule mwingine akaanza kuadhini magharibi. Kaka aliitikia adhana neno kwa neno, kwa sauti ya chini, kisha akaingia ndani akatandika mkeka. Nami nikatawadha nikasimama nyuma yake, yeye akiwa imamu na mimi msikiti mzima. Niliposujudu nilimwombea bwana yule umri mrefu, wenye afya, na Mungu asimwondolee kumbukumbu ya siku ile.