Taa ya Kumtazama Yama

Katika kazi yangu ya kutunza wazee majumbani, nilipangiwa mama mmoja wa Kihindi huko Great Barr, Birmingham, mzaliwa wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilinipita mimi Msomali wa Eastleigh. Tulipatana kwa sababu hiyo tu. Ofisi ilitupa nusu saa. Sisi tulikaa mpaka chai ikapoa.

Juu ya runinga alitundika picha ya Yama, mungu wao wa mauti. Kwetu malaika wa mauti humwoni mpaka siku yako ifike. Wao wamemchora mpaka masharubu: amepanda nyati mweusi, kitanzi mkononi. Mbele yake kijana amekumbatia jiwe takatifu, kitanzi kimeshamfika shingoni, na mungu mwingine, Shiva, anachomoka jiweni na kumpiga Yama teke la kifua. Kijana akapona.

Mwana wa pekee wa mama huyu, aliyeishi naye na aliyefanya kazi kiwanda cha magari Longbridge mpaka kilipofungwa, alikuwa amelazwa, ini limekwisha. Madaktari walishatuambia tusitarajie kitu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Methali hiyo nilikuwa nayo kinywani nikaimeza. Mimi nilikuwa nimekata tamaa. Yeye alikuwa akingoja lile teke.

Siku mbili kabla ya Diwali, watu wa dini yake huwasha taa nje ya mlango na kuielekeza kusini, anakokaa Yama, ili asimchukue mtu wa nyumba ile kabla ya wakati. Taa hufinyangwa kwa unga wa chapati. Mwaka ule miguu yake ilikuwa imegoma, akanituma mimi.

"Mwanangu, utambi uutazamishe mgongoni mwa kibla chako. Ndiko kusini."

"Mama, uko sure?"

"Kwani mimi sikukaa Mombasa? Majirani wakiswali, mbele yao kaskazini, nyuma yao kusini. Hata hapa, kila mwaka namuuliza jirani Muislamu anaswali kuelekea wapi, kisha naweka kinyume. Wewe washa tu."

Nilitoka na taa yangu ya unga, nikamwambia Mola wangu kwamba mimi nashika kiberiti tu, dua si yangu. Hapo mlangoni ndipo akili iliponirudia. Ukiwa Mombasa, Makka iko kaskazini. Ukiwa Birmingham, iko kusini-mashariki. Basi miaka yote taa ya mama huyu ilikuwa ikitazama kaskazini-magharibi, kwenye ngurumo za malori ya barabara kuu. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nikafungua dira ya simu, nikaigeuza taa mpaka utambi ukatazama kusini kabisa, upande wa jiji na wa ile hospitali. Kama ni kumwomba mungu asiye wangu, basi aombwe sawasawa. Mama sikumwambia, nisimwongezee wasiwasi.

Mwanawe alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Jioni nilimkuta mama kwenye kiti chake, sebule imejaa wanawake waliovaa nyeupe. Alinishika mkono.

"Niambie kweli. Taa ilimtazama Yama?"

Ningeweza kusema upepo uliizima. Angepata cha kulaumu, na huenda angelala. Lakini kudanganya msibani sikuweza.

"Ilimtazama, mama."

Aliinua macho kwenye picha.

"Basi aliiona," akasema. "Aliiona, na bado akaja."

Akaniomba niishushe picha. Nilipopanda kiti na kuichomoa msumarini, lilinijia wazo ambalo dini yangu hainiruhusu kuliamini: miaka yote taa ilimpa Yama mgongo, na mwana akaishi, mwaka nilioigeuza mimi imtazame, akaja. Siliamini. Nimelibeba mpaka leo, linaniuma, na yeye sikuwahi kumwambia.

Nilimuuliza picha niiweke wapi. Akasema popote, nyuma ya kabati.

"Na taa ile ni ya kuwakinga waliomo nyumbani," akaniambia. "Sasa nimebaki mimi. Mwakani usiniwashie."

Mwaka uliofuata, siku mbili kabla ya Diwali, nilimpikia chai, tukainywa, nikafunga mlango.